Anayelipa Ushuru wa Kanga

Kanga ni nguo yenye watetezi wengi, na wengi wao hawainunui. Husema kwamba wageni wanaichapa kwa bei ya kutupa, kwamba viwanda vya nyumbani vinakufa, na kwamba ushuru mkubwa ndiyo ngome ya kuviokoa. Maneno matamu, lakini hayamtaji anayelipa.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipoanza kutoza ushuru wa pamoja wa forodha, Januari 2005, bidhaa nyingi zilizokamilika ziliwekewa asilimia 25. Kanga, kikoi na kitenge zikatiwa katika orodha ya bidhaa nyeti, kwa asilimia 50. Hesabu yake si ngumu. Doti ikifika bandari ya Dar es Salaam kwa thamani ya shilingi 6,000, ushuru huo huifikisha 9,000. Kisha huja kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18, nayo huhesabiwa juu ya zile 9,000, si juu ya 6,000. Jumla 10,620. Pasipo ushuru ingekuwa 7,080. Tofauti ni shilingi 3,540, na mchuuzi bado hajatia faida yake.

Shilingi hizo hazitoki mfukoni mwa mchapaji wa Bara Hindi wala wa China. Zinatoka katika pindo la kanga ya zamani, pale mwanamke anapofunga fedha zake. Huyu ndiye anayejifunga kanga jikoni, akambebea mtoto, akampelekea mzazi aliyejifungua, akajitandia msibani. Asiye na kitabu hata kimoja nyumbani ana diwani nzima sandukuni, mstari mmoja kwa kila doti. Diwani hiyo ndiyo iliyotozwa nusu ya thamani yake.

Watetezi watajibu kwa mfano wa Marekani, na mfano wao ni wa kweli. Mwaka 1816 nchi ile iliweka ushuru wa asilimia 25 juu ya nguo za pamba, na kila nguo rahisi ikahesabiwa kana kwamba thamani yake ni senti 25 kwa yadi ya mraba, hata ikiwa ni chini ya hapo. Vitambaa hafifu vya Bara Hindi vikafungiwa mlango. Viwanda vya Massachusetts vikastawi, na mwaka 1833 Marekani ikatia mkataba na Sayyid Said: bidhaa zake ziingie Unguja kwa ushuru wa asilimia 5. Ndivyo ilivyokuja merikani, nguo iliyolelewa nyuma ya ukuta kwao ikapitishwa mlango wazi kwetu. Ujanja huo haukosi kustaajabisha.

Ila ukuta ule ulivikuta vitanda vya kufumia kwa mashine vikifanya kazi Waltham tangu kabla ya sheria. Palikuwa na maji ya mto ya kuzungushia mashine na mtaji wa wafanyabiashara wa Boston. Palikuwa pia na pamba iliyochumwa na watumwa, jambo ambalo hakuna wa kulitamani. Huku kwetu, pamba ya Mwanza na Shinyanga sehemu yake kubwa husafirishwa haijasokotwa hata uzi. Ushuru hausokoti.

Tena ngome hii ina hila ambayo haisemwi. Kanga ya nje ikisimama kwa 10,620, mwenye kiwanda cha nyumbani ana sababu gani ya kuuza yake kwa 7,000? Ataiweka 10,000, naye ataonekana mwenye huruma. Basi mnunuzi hulipa hata anaponunua kanga ya hapa, na ziada hiyo haiingii hazina. Ni kodi inayokusanywa na mtu binafsi. Na zile 3,540 za kila doti ni ujira mnono kwa nahodha wa jahazi la usiku.

Viwanda vikitaka kulindwa, na vilindwe kwa muda unaojulikana, tuseme miaka 5, na kwa masharti: pamba kiasi gani imesokotwa nchini, vitanda vingapi vinafuma, mafundi wangapi wameajiriwa. Fedha ya ushuru itengwe kwa ajili ya umeme na mashine, na hesabu yake itangazwe kila mwaka. Muda ukiisha na uzi haujasokotwa, kanga irudishwe katika asilimia ya nguo nyingine, na tangazo libandikwe Darajani, mlangoni mwa maduka ya kanga, walisome wale waliokuwa wakilipa.