MBEGU YA MUHOGO NI NYUMBA YA MLINZI

Tangu Azimio la Iringa la mwaka 1972 litufunze kwamba Siasa ni Kilimo, tumezoea kuuliza maswali mawili kila iletwapo mbegu mpya: Je, inazaa? Je, inahimili maradhi? Maswali hayo ni ya haki, kwani batobato na michirizi ya kahawia vimewaumiza wakulima wengi wa muhogo katika pwani yetu. Lakini liko swali la tatu, nalo husahauliwa: Je, mbegu hiyo inampa makazi mdudu anayetulindia shamba?

Mwaka 1971 utitiri wa kijani, ambao asili yake ni Amerika ya Kusini, ulionekana Uganda, kisha ukaenea Afrika Mashariki, ukifyonza majani machanga ya muhogo na kuudumaza, hasa wakati wa kiangazi. Dawa za kunyunyizia haziwezi kuwa tegemeo la mkulima mdogo. Wataalamu wakamtafuta adui wa utitiri huo huko huko ulikotoka, wakampata Brazil: utitiri mwingine, unaowala wenzake. Mwaka 1993 ulifunguliwa katika mashamba ya Benin, na baadaye ukafikishwa nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwamo. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Ila mgeni huyu ana sharti lake. Mchana hujificha katika ncha ya shina. Usiku hushuka majanini kuwinda. Muhogo ambao ncha yake ina vinyweleo humsitiri. Ule wenye ncha laini humpoteza upesi, hasa katika miezi ya ukavu. Basi mashamba mawili yaliyopakana yaweza kupata mvua moja, moja likawa na mlinzi na jingine likakosa.

Hivyo, kabla pingili hazijapakiwa mashuani kuvushwa Kilwa Kisiwani au Songo Songo, mabwana shamba hawana budi kuzikagua zisisafiri na wadudu waharibifu, na kuitazama ncha ya mmea kama wautazamavyo mzizi wake. Halmashauri nazo ziwaulize wataalamu wa Naliendele swali hilo la tatu kabla ya kuagiza mbegu. Nasi wananchi, tuchumapo kisamvu, tusizimalize ncha zote shambani. Mlinzi asiyedai mshahara anastahili walau kuachiwa nyumba.