Mtoto Aliyezaliwa Mzee

Jumamosi moja jioni tuliketi pamoja na jamaa wengi wa hapa Kalemie tukatazama filamu iliyotengenezwa Marekani mwaka 2008. Aliyeiongoza ni David Fincher, na jina lake kwa Kifaransa ni “L'Étrange Histoire de Benjamin Button”. Chanzo chake ni hadithi fupi ambayo F. Scott Fitzgerald aliitoa mwaka 1922. Tulikwenda kujiburudisha tu. Tukarudi nyumbani na swali moyoni.

Kisa chenyewe ni hiki. Novemba 1918, usiku ule watu waliposhangilia mwisho wa Vita Kuu ya kwanza, mtoto azaliwa katika mji wa New Orleans. Kwa kimo ni mtoto mchanga, lakini ngozi yake ina makunyanzi, macho hayaoni vema, na viungo vimekakamaa kama vya mzee wa miaka themanini. Mama yake afa papo hapo. Baba yake, tajiri mwenye kiwanda cha vifungo, amtazama mara moja tu, amkwapua, akimbia naye gizani, nusura amtupe mtoni. Mwishowe amwacha ngazini pa nyumba ya kutunzia wazee.

Mwanamke mweusi anayefanya kazi humo, jina lake Queenie, amwokota. Queenie si kipofu: aiona sura ile mbaya, wala haisifu. Lakini asema kwamba huyu naye ni mtoto wa Mungu, basi amlea. Tangu hapo mambo yaenda kinyume. Miaka ikipita wenzake wanazeeka, yeye azidi kuwa kijana.

Hapo bibi mmoja aliyeketi karibu nasi alinong'ona: “Mtoto huyu angalizaliwa kwetu, wangalimwitaje?” Hakuna aliyemjibu, maana wote tulilijua jibu.

Ndugu wasomaji, tusifichane. Katika nchi yetu wako watoto waliofukuzwa nyumbani na kuitwa wachawi: huyu kwa kuwa ana kifafa, yule kwa kuwa ana kilema, mwingine kwa kuwa baba alifiwa au alipoteza kazi. Wako na wazee, hasa bibi wajane, wanaosingiziwa hayohayo kwa sababu tu wameishi sana. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, katika ibara ya 41, yakataza kumtupa mtoto na kumshitaki uchawi. Tena sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kuwalinda watoto yampa adhabu mwenye kufanya hivyo. Lakini sheria hukaa mjini, na mtoto hufukuzwa usiku, nyumbani, na watu wake mwenyewe.

Yafaa tujue pia kwamba mtoto mwenye sura ya mzee si jambo la filamu tu. Upo ugonjwa wa nadra sana uitwao projeria, ambao mganga Mwingereza Jonathan Hutchinson aliueleza mwaka 1886. Mtoto hunyonyoka nywele, ngozi yake hukonda, na mishipa ya moyo huharibika kama ya mzee. Lakini akili yake ni ya mtoto wa umri wake, hupenda kucheza na kusoma kama wenzake. Asipopata dawa, kwa kawaida hufa akiwa na miaka 14 hivi. Mwaka 2003 wataalamu waligundua kwamba chanzo chake ni kosa dogo sana katika mbegu ya uhai, lisilotokana na laana, wala uchawi, wala dhambi ya mzazi. Kurudi ujanani kama Benjamin, hilo halimpati mtu yeyote.

Jambo jingine lilitugusa sisi Wakongo. Katika filamu, anayemtoa Benjamin nje ya nyumba ile na kumtembeza mjini ni Mbilikimo aitwaye Ngunda Oti, aliyepata kuwekwa pamoja na nyani ili watu wamtazame. Hayo yatukumbusha ndugu yetu Ota Benga. Alichukuliwa Kongo akapelekwa kwenye maonyesho ya St. Louis mwaka 1904, na mwaka 1906 akawekwa katika nyumba ya nyani mjini New York, mpaka wachungaji weusi walipopiga kelele akatolewa. Mwaka 1916 alijiua. Sisi wa jimbo la Tanganyika, tulioona Wabatwa na Waluba wakichinjana na maelfu wakikimbilia hapa Kalemie, tusiwanyoshee kidole Wamarekani peke yao. Aliyedharauliwa kwa kimo chake ndiye aliyemshika mkono aliyetupwa kwa sura yake.

Kuhusu filamu yenyewe, Brad Pitt na Cate Blanchett wameigiza vema, na ufundi wa kuzigeuza sura ulistahili tuzo uliyopata. Hata hivyo ni ndefu mno, karibu saa tatu, na Queenie azikwa upesi, nasi tulitaka kumjua zaidi. Tena si filamu ya watoto wadogo, kwa kuwa yaonyesha nyumba ya makahaba na mwanamke aliyeolewa akimsaliti mumewe.

Lakini mwisho wake hatutausahau. Benjamin amekuwa kitoto, akili imempotea, hamjui mtu. Daisy, mwanamke aliyempenda na kumzalia binti, sasa ni bibi mwenye mvi. Ahamia katika nyumba ileile ya wazee, amlisha, na mwaka 2003 Benjamin afa mikononi mwake kama mtoto mchanga anayesinzia.

Wavuvi wa ziwa letu wataielewa methali hii ya watu wa pwani: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tukienda mbele au tukirudi nyuma, wote tutafika mahali pa kulishwa na kuoshwa na mwingine. Basi wazazi, na ninyi wanafunzi, leo usiku hesabuni waliomo nyumbani mwenu. Kama mtoto mmoja au bibi mmoja hayupo kwa sababu ya maneno ya watu, mwajua pa kumtafuta. Nendeni mkamrudishe.