Mpanda Ngazi Hushuka: Maji Safi na Fimbo Ndefu huko Mabanga



Wazee walisema: mpanda ngazi hushuka. Walisema kweli, lakini hawakutuambia atashukaje, kama ni kidato kwa kidato au kwa mara moja. Juu ya jambo hilo twapenda kuzungumza nanyi juma hili, kwa sababu ya barua iliyotufikia kutoka Goma, mtaa wa Mabanga.

Mwenye barua ni baba wa watoto watano. Anao vijana wanne, nao pamoja huosha vioo vya maduka, maofisi na nyumba za ghorofa mjini. Vyombo vyao ni ndoo, sabuni, matambara, kipanguo chenye ulimi wa mpira, na ngazi mbili. Msimu wa mvua uliopita ngazi iliteleza, kijana mmoja akaanguka, mguu ukavunjika. Baba huyo amelipa matibabu, lakini tangu siku ile halali vizuri. Sasa amesikia ya kwamba katika nchi nyingine waosha vioo wameacha ngazi; husimama chini na kuosha kwa fimbo ndefu ipitishayo maji yaliyosafishwa sana. Ataka kununua vyombo hivyo. Mama watoto akataa, kwani fedha zilizomo nyumbani ni za karo. Wote wawili watuuliza: nani ana haki?

Barua hiyo tumeisoma mara mbili, kwa kuwa ndani yake mna mguu wa kijana, masomo ya watoto na amani ya nyumba. Hatupendi kujibu kwa haraka.

Kwanza tuifahamu kazi yenyewe. Kwa nini mwosha vioo hupanda juu? Mwagia kioo maji ya ziwa, kisha uyaache yakauke juani. Utaona madoa meupe. Hayo si uchafu wa kioo, ni chumvi na madini yaliyokuwamo ndani ya maji. Maji huenda hewani, chumvi hubaki. Kwa hiyo mwosha vioo hana budi kuyapangusa maji yote kabla hayajakauka. Na ili ayapanguse, mkono wake sharti ufike kwenye kioo. Na ili mkono ufike, mwili sharti upande ngazi.

Lakini maji yakiondolewa chumvi yote, hukauka yasiache kitu. Basi hakuna haja ya kupangusa. Yatosha kusugua kwa brashi na kusuuza vizuri, na kazi hiyo yaweza kufanywa na mtu aliyesimama chini, akishika fimbo yenye brashi nchani na mpira wa maji ndani yake. Fimbo hizo hutengenezwa kwa vipande vinavyoingiana, navyo huvutwa kimoja baada ya kingine hata kufikia ghorofa ya pili, ya tatu na kupita. Ndivyo ilivyo: usafi wa maji ndio unaomshusha mtu ngazini.

Katika Uingereza njia hii ilienea tangu miaka ya 1990. Mwaka 2005 serikali ya huko ikaweka sheria juu ya kazi za mahali pa juu, nayo yasema: kazi iwezayo kufanyika pasipo kupanda, isifanywe kwa kupanda. Wengi walioshikilia ngazi zao mpaka wakati huo waliziacha.

Sheria hiyo ni mpya, lakini mawazo yake ni ya zamani sana. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, Musa awaagiza Waisraeli kwamba ajengaye nyumba mpya aizungushie dari yake ukingo, asije mtu akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Tazameni, ndugu: Mungu hakungoja mtu aanguke ndipo aulize ni kosa la nani. Alimwagiza mwenye nyumba afikiri mapema. Na aliye na vijana juu ya ngazi ni kama mwenye nyumba yule.

Twawaambia hayo watu wa Mabanga hasa, kwa sababu jina la mtaa wao lenyewe ni onyo. Kila mtu wa Goma ajua mabanga ni nini: ni yale mawe meusi, makali, yaliyotemwa na mlima Nyiragongo. Moto wa mlima ulishuka mwaka 1977. Ukashuka tena Januari 2002, ukapita katikati ya mji na kuteketeza hata kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Ukashuka tena tarehe 22 Mei 2021, ukasimama kwenye ukingo wa mji. Juu ya mawe hayo watu wamejenga upya, na twawasifu. Lakini ngazi haipendi mabanga. Mguu mmoja wa ngazi wakaa juu ya jiwe, wa pili wakaa shimoni, nao vijana huweka kipande cha ubao na kumwomba Mungu. Kumwomba Mungu ni vema. Kumjaribu si vema.

Basi, je, baba huyu anunue vyombo vyote kesho? Ngoja kwanza. Liko jambo la maji.

Maji ya Ziwa Kivu yana chumvi nyingi kuliko yalivyo maji ya maziwa mengi. Katika kila lita mna kama gramu moja ya madini, yatokayo katika mawe ya volkano na katika chemchemi zilizo chini ya ziwa. Maji ya bomba la Goma, yakiwa yamevutwa kutoka ziwani, hutiwa dawa ya kuua vijidudu; lakini dawa hiyo haiondoi chumvi. Kuna njia mbili za kuiondoa. Ya kwanza ni kupitisha maji katika mtungi uliojaa chembe za rezini, ambazo huinasa chumvi kama gundi inasavyo nzi. Ni njia nyepesi, haihitaji umeme. Lakini kwa maji yenye chumvi nyingi namna hii rezini huchoka upesi, na kununua nyingine ni gharama. Njia ya pili ni kusukuma maji kwa nguvu yapenye katika utando mwembamba mno, unaopitisha maji na kuzuia chumvi. Njia hii yataka pampu, nayo ina hasara yake: kwa kila lita moja iliyo safi, lita moja au mbili, pengine na zaidi, hutoka zikiwa zimejaa chumvi, nazo hufaa kazi duni tu.

Hapo ndipo tunapotaka kusema wazi. Mji wa Goma hauna mto. Mvua ikinyesha, mawe huyanywa maji mara moja. Mwaka 2021 moto wa mlima uliharibu mabomba na hifadhi ya maji, na watu wengi mno wakabaki bila maji. Mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipoingia mjini, umeme na maji vilikatika, na akina mama na watoto wakashuka ziwani kuchota yasiyotiwa dawa. Nani asiyemjua mtoto aliyebeba bidoni ya manjano alfajiri, kabla ya kwenda shule? Papa Fransisko, katika barua yake ya mwaka 2015 juu ya utunzaji wa dunia, alifundisha kwamba kupata maji salama ni haki ya kila mtu. Basi mtu atumiaye bidoni tatu ili apate moja ya kuoshea kioo cha hoteli, wakati jirani yake hana ya kupikia, hata kama alilipa, na aulize dhamiri yake.

Lakini Mungu hamwachi mtu wake. Yale yasiyopatikana mtoni, Goma huyapata mbinguni. Maji ya mvua yana chumvi kidogo sana, kwa maana jua limekwisha kuyasafisha lilipoyapandisha kutoka ziwani na baharini. Mwenye bati, mfereji na pipa safi amekwisha kufanya sehemu kubwa ya kazi ya ule utando, tena bila pampu. Yabaki kuyachuja na kuyapitisha katika mtungi mdogo wa rezini, ambayo sasa itadumu muda mrefu zaidi. Angalieni tu mambo mawili. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi na iachwe ipite, kwa sababu huosha vumbi na majivu ya bati. Tena moshi wa Nyiragongo hutia asidi na uchafu katika mvua, hasa upande upepo unakouelekeza. Kwa hiyo asiamini macho. Kiko kipimo kidogo, kama kalamu, kinachochovywa majini na kuonyesha miligramu za chumvi katika lita. Kikionyesha sifuri au karibu yake, ni vema. Kikipita kumi, madoa yataanza kurudi.

Na hapa twawaonya akina mama: maji hayo si ya kunywa. Rezini huondoa chumvi, haiui vijidudu. Goma haijasahau kipindupindu cha mwaka 1994. Maji ya kioo yawe na pipa lake, lililoandikwa wazi, na maji ya watoto yachemshwe au yatiwe dawa kama kawaida.

Sasa fimbo. Nayo ina hatari zake. Nyingi hutengenezwa kwa nyuzi za kaboni, ambazo hupitisha umeme; na hata fimbo ya namna nyingine, ikilowa, si ya kuaminika. Katika mitaa yetu nyaya huning'inia chini, zikipishana kama nyuzi za buibui. Mahali waya ulipo karibu, fimbo isiinuliwe kabisa. Siku ya upepo mkali pia isiinuliwe, na chini yake asipite mtu. Madirisha ya vioo vya vipande vipande, vile vinavyofunguka kama mbavu, hayafai kwa njia hii, maana maji yataingia chumbani. Na kioo kilichooshwa kwa sabuni miaka mingi kitahitaji kusafishwa mara mbili au tatu kabla ya kuonyesha uzuri wake. Mwenye nyumba aambiwe mapema, asije akadhani amedanganywa. Faida nyingine ni hii: vumbi la mabanga ni gumu, nalo likipanguswa kavu hukwaruza kioo. Maji yanayotiririka hulichukua kabla halijakwaruza.

Turudi kwa swali la nyumbani. Baba, una haki: ngazi ile haifai tena kubeba watoto wa wenzako. Papa Leo XIII, katika barua yake ya mwaka 1891 juu ya wafanyakazi, alifundisha kwamba ni aibu kuwatumia watu kana kwamba ni vyombo vya kuletea faida. Mama, nawe una haki: karo ya watoto si mtaji. Mwaka 2025 mabenki ya Goma yalipofunga milango, wengi walijifunza kwamba fedha iliyomo mkononi ndiyo nyumba nzima.

Basi shauri letu ni hili. Tangu leo, kazi za ghorofa ya pili na kuendelea zikataliwe, hata kama malipo ni mazuri. Ngazi itumike chini tu, mtu mmoja akiishika daima. Karo iwekwe kando, isiguswe. Baba na vijana wake waanzishe likelemba yao, kila mmoja akitoa kidogo kila juma, wanunue kwanza kipimo, kisha pipa na mtungi wa rezini, kisha fimbo moja na pampu ya mkono. Fimbo moja yatosha kujifunzia. Hesabu zote ziandikwe katika daftari, na daftari likae kwa mama.

Twajua atatokea mtu wa kusema: fimbo moja yafanya kazi ya vijana wawili, basi wawili waondoke. Hapana. Chombo kipya kikileta faida, faida hiyo ilinunuliwa kwa jasho la wote. Na watafutiwe kazi mpya katika zile nyumba ndefu ambazo zamani mliziogopa.

Neno la mwisho ni juu ya yule kijana. Kwa ngazi, mguu uliovunjika ungekuwa mwisho wa kazi yake. Lakini maji yataka mlinzi: mtu wa kukinga mvua, kubadilisha rezini, kutazama kipimo kila asubuhi na kuandika namba. Kazi hiyo yafanywa mtu akiwa ameketi. Akipona vizuri, atashika fimbo pia, miguu yote miwili ikiwa juu ya ardhi. Mwiteni arudi kabla hamjanunua kitu chochote, mumpe kipimo mkononi. Naye mama wa kijana huyo, akisikia habari hiyo, atalala usingizi. Na wewe Baba utalala pia.

Hadi juma lijalo, Mungu akipenda. Amani ya Kristu ikae katika nyumba zenu.