Kuhesabu Tai Bila Nauli

Niliporudi nyumbani jioni ile, uso umebabuka kwa jua na viatu vimejaa tope la Ngong, mathe aliniuliza swali moja tu: "Na hao ndege ukishawahesabu, unalipwa ngapi?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimetumia mia nne za nauli na chakula, saa sita za kuangalia juu, na kwenye karatasi nilikuwa na mistari kumi na mmoja. Wenye shughuli walitupa fulana na chupa ya maji, wakatupiga picha, wakaingia kwenye gari lao wakaenda.

Hapa ndipo ungetarajia niseme mathe haelewi. Anaelewa kuliko wale wa fulana.

Kwanza kazi yenyewe, maana wasee wengi mtaani wanaiona kama mchezo wa wazungu wazee wenye kofia pana. Kila mwaka, kati ya Februari na Mei, tai, mwewe na kozi waliokuja kwetu kukimbia baridi hugeuza na kurudi kaskazini kuzaa, wengine mpaka Urusi na Kazakhstan. Ndege wakubwa namna hii hawapigi mabawa njia nzima, wangekufa kwa uchovu. Husubiri jua lipashe ardhi, hewa ya moto ipande, nao wapande nayo wakizunguka mpaka wawe nukta, kisha wateleze hadi hewa nyingine. Juu ya bahari hewa hiyo haipandi vizuri, kwa hivyo hubanwa kwenye njia chache za nchi kavu, au pale maji yalipo membamba. Eilat, kwenye ncha ya kaskazini ya Bahari ya Shamu, ni mojawapo, na wengi wanaopita pale wametoka huku Afrika Mashariki. Messina, kati ya Sicily na Italia bara, ni nyingine. Watu hukaa hapo na darubini, asubuhi mpaka jioni, wiki baada ya wiki, wakihesabu bila mshahara.

Messina haikuanza kama burudani. Wanaume wa huko walikuwa na imani kwamba asiyempiga risasi mwewe mla-nyigu hata mmoja msimu wa kuchipua, mkewe atamwendea nje. Si utani. Ndege avuke Sahara, avuke Mediterania, halafu afe kwa sababu ya wivu wa jamaa mmoja! Walikuwa wakiwapiga kutoka kwenye vibanda vya zege vilivyojengwa mlimani. Mwaka 1981 msichana wa miaka 15, Anna Giordano, aliwaona ndege wakianguka, akaanza kupiga kelele. Kambi za kujitolea zikafuata, na waliohesabu ndege ndio hao hao waliohesabu milio ya bunduki na kuita polisi. Mwaka 1986 gari lake lilichomwa moto. Hakuacha. Mwaka 1998 akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira.

Kwa hivyo daftari la kuhesabia ni ushahidi. Hata hapa Kenya. Mwaka 2022 ulichapishwa utafiti uliolinganisha hesabu za barabarani za miaka ya sabini na zile za 2003 hadi 2020. Kati ya aina 22 za ndege mbuai, aina 19 zimepungua. Tunalijua hilo kwa sababu kuna watu waliozunguka nchi hii kwa gari nusu karne iliyopita, wakiandika kila tai waliyemwona. Bila makaratasi yao, wazee wangesema "zamani walikuwa wengi", na mwenye nyaya za umeme angejibu "leteni namba". Nyaya hizo huua. Tai akitua kwenye nguzo na mabawa yaguse nyaya mbili, amekwisha.

Sasa, namba za ndege wanaorudi kaskazini zitatoka kwa nani? "Vijana wajitolee," wanasema. Sawa, lakini kujitolea kunahitaji uwe na kitu cha kutoa. Darubini ya maana ni kodi yetu ya miezi miwili. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, na tangu hapo karibu kila tangazo la kujitolea ninaloliona linataka shahada, kwa kazi inayohitaji macho, subira na kalamu. Kuna matembezi ya ndege ya Jumatano asubuhi yanayoanzia makumbusho ya taifa pale Nairobi, yamekuwepo miaka mingi, na pale hakuna aliyeniuliza cheti. Nayapenda. Lakini Jumatano asubuhi mtu wa kibarua yuko wapi? Yuko kibaruani.

Najua jibu lao: ukilipa watu watakuja kwa ajili ya pesa, moyo utapotea. Makarani wa sensa ya 2019 walilipwa. Nani alisema tulihesabiwa bila moyo? Na wale wa Ulaya mnaotutolea mfano, wengi wao wanapokaa mlimani wiki mbili bure, kuna mshahara au pensheni inawangoja nyumbani.

Hesabu zangu ni hizi. Watu wanne, siku sitini za Machi na Aprili, mia tano kila mmoja kwa siku, ya nauli na chakula. Jumla 120,000. Ongeza darubini mbili za kuazimana. Kuna mikutano ya hoteli ya "kushirikisha vijana" inayomaliza hizo kabla ya chai ya saa nne.

Mstari wangu wa kumi na moja siku ile uliandikwa saa nane na dakika arobaini: tai mmoja, juu sana, akielekea kaskazini. Niliuandika kwa herufi safi kabisa. Karatasi zetu zikakusanywa kwenye bahasha ya kaki. Nimetuma barua pepe mara tatu kuuliza bahasha ilienda wapi na sijajibiwa. Picha zetu na fulana zilikuwa mtandaoni jioni ile ile.