Rudisheni thamostati

Magari mengi ninayoyafungua hapa Morogoro hayana thamostati. Hayakutoka kiwandani hivyo. Gari linaposhuka melini Dar es Salaam huwa na kifaa hicho mahali pake, na kulanti ya rangi ya waridi kama ni Toyota ya miaka ya karibuni, na mfuniko wa rejeta wenye mpira mzima. Halijamaliza mwaka kwenye barabara zetu, thamostati imeng'olewa, kulanti imemwagwa na kujazwa maji ya bomba, feni imeungwa moja kwa moja kwenye swichi izunguke muda wote. Kila aliyefanya hayo alidhani anasaidia. Mimi nasema tunayaharibu magari kwa mikono yetu, na sisi mafundi ndio tulioanzisha.

Sababu inayotolewa ni moja, nami naisikia karibu kila wiki kutoka kwa mteja ambaye hata boneti hajalifungua: "Dada, itoe tu hiyo, huku kwetu joto." Anaamini thamostati ni kitu cha Wazungu na Wajapani wenye theluji, imewekwa ili injini ipate moto, na kwa kuwa sisi jua tunalo la kutosha, ikiondolewa maji yatapita kwa uhuru na injini itapoa zaidi. Maelezo hayo yanaingia akilini haraka. Ndiyo maana yameenea.

Tuanze na joto lenyewe. Katika petroli au dizeli unayochoma, takriban theluthi moja tu ya nguvu ndiyo inayofika kusukuma gari. Theluthi nyingine inatokea ekzosti. Iliyobaki sehemu kubwa inabebwa na maji yanayozunguka ndani ya injini mpaka kwenye rejeta. Moto wa ndani ya silinda ni wa nyuzi nyingi mno kiasi kwamba tofauti ya hewa ya Morogoro ya nyuzi 32 na hewa ya Tokyo ya nyuzi 15 haibadilishi kazi ya thamostati. Huko Japani majira ya joto ni makali vilevile, na hawaing'oi. Tena nani kasema nchi yote hii ni joto? Aliyelala Njombe au Makete mwezi wa saba, akaona umande umeganda juu ya nyasi asubuhi, hawezi kusema hivyo.

Mteja akinibishia sana huwa nawasha jiko la mkaa. Nachukua thamostati, naifunga uzi, naizamisha kwenye sufuria ya maji bila kugusa kitako, natia na kipimajoto. Mteja namkaribisha kigoda. Nyingi zimechapwa namba ubavuni, 82 au 88, na hiyo ndiyo nyuzi ya kuanza kufunguka. Ndani yake mna kijikopo chenye nta. Nta ikipata joto hutanuka, ikasukuma pini, pini ikafungua mlango. Haina waya, haina umeme. Tunakaa tunatazama. Sabini, hakuna kitu. Sabini na tano, mteja anaanza kunitazama kwa jicho la kuniambia si nilikwambia. Karibu na 82 mlango unafunguka kidogo, na kabla ya 95 uko wazi kabisa. Nikiitoa kwenye maji, inajifunga taratibu mbele ya macho yetu. Kwa hiyo gari likipanda mlima na maji yakafika nyuzi 95, thamostati nzima ya 82 imeshafunguka yote. Haizuii chochote. Ile iliyokufa haifunguki hata maji yakitokota, na hapo unajua unahitaji mpya, wala bei yake kwa Toyota ndogo haifikii nusu tangi la petroli.

Sasa lile ambalo wengi hawajaambiwa. Kwenye injini nyingi thamostati ina milango miwili. Mmoja unafungulia maji yaende kwenye rejeta. Wa pili, upande wa chini, unafunga njia ya mkato ambayo maji hupitia injini ikiwa baridi, yakizunguka humo humo bila kwenda rejeta. Injini ikipata moto, wa kwanza unafunguka na wa pili unaziba. Ukiitoa thamostati, umeondoa milango yote miwili. Njia ya mkato inabaki wazi siku zote, na sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kuonja rejeta. Mjini hutaona tofauti. Mshale utakaa chini na utamsifu fundi wako. Siku utakayopakia watu saba na mizigo juu ya keria ukapanda mlima, gari litachemsha, na litachemsha kwa sababu ya kile ulichokitoa ili lisichemshe.

Mshale kukaa chini nao una gharama. Gari la sasa lina sensa inayoiambia kompyuta joto la maji. Ikiambiwa injini bado baridi, inaongeza mafuta, na itaendelea kuongeza safari nzima. Mwenye gari analalamika kuwa bei ya petroli imempiga, kumbe sehemu ya petroli yenyewe anaichoma bure. Oili isiyopata moto wa kutosha haikaushi unyevu, inachafuka mapema, na injini inalika.

Kazi hii nimeirithi kwa marehemu baba. Yeye alikuwa mchomeleaji wa rejeta, enzi zile za rejeta za shaba ambazo zikivuja unasafisha kwa tindikali, unapasha moto, unatia lehemu, mtu anaondoka jioni. Rejeta za siku hizi nyingi ni alumini, vichwa vyake plastiki iliyobanwa kwa meno, na lehemu haishiki. Plastiki ikizeeka inakuwa kavu na kupasuka, mara nyingi shingoni pale mpira wa juu unapoingia. Nalisema hili kwa sababu uzembe uliovumilika kwenye shaba hauvumiliki kwenye alumini. Injini nyingi za zamani zilikuwa chuma kitupu, hedi na bloku. Leo hedi ni alumini, ikipata moto kupita kiasi inapinda, gasketi inaungua, maji yanaingia kwenye oili. Wateja bado wanasimulia Land Rover ya babu iliyochemsha kutoka Kilosa mpaka Dumila na kesho yake ikaenda shamba. Sawa, lakini hiyo Toyota IST uliyoegesha hapo nje si Land Rover ya babu.

Na maji. Maji ya visima vya Dar es Salaam na Dodoma sote tunajua ladha yake. Ile chumvi na chokaa ikipata moto inaacha ukoko mweupe uleule unaouona ndani ya birika, isipokuwa hapa unaota ndani ya vijia vya rejeta vyembamba kuliko mrija wa soda. Kulanti watu wanadhani ni dawa ya kuzuia barafu. Sehemu nyingi za kwetu barafu si shida. Tunaihitaji kwa sababu inazuia kutu, inalinda alumini na pampu ya maji, na inapandisha nyuzi za kuchemka. Ukichanganya nusu kwa nusu na maji safi inachemka kama nyuzi 107 hata bila mfuniko. Ya kukolea, yaani isiyochanganywa bado, changanya na maji safi ya betri (hakikisha si tindikali, maana maduka mengine yanaviita vyote viwili maji ya betri), au hata maji ya mvua yaliyokingwa vizuri. Rangi isikudanganye. Kijani, nyekundu, buluu, ni rangi tu, na kuna madumu nimeyanunua ambayo kipimo changu cha kulanti kilionyesha ni maji yaliyotiwa rangi basi. Wanaosimamia viwango wangefanya vema kupita kwenye maduka ya vipuri na kipimo kidogo kama changu, hakihitaji maabara. Jingine ambalo haliongelewi: kulanti nyingi zina ethileni glikoli, ni tamu mdomoni na ni sumu ya kuua. Usiiweke kwenye chupa ya soda nyumbani kwenye watoto.

Mfuniko wa rejeta ndio unaodharauliwa kuliko vyote. Nimeona ulioshindiliwa nailoni, nimeona tambara. Umechapwa 0.9 au 1.1, na hiyo ni presha inayozuia maji yasichemke mpaka yafike karibu nyuzi 120. Bila presha hiyo, maji matupu Dar es Salaam yanachemka kwa 100, na Mbeya, mita zipatazo 1,700 juu ya bahari, yanachemka kwa kama 94. Hapo feni nyingi za umeme ndiyo kwanza zinajiwasha. Dereva anafika Mbeya na mfuniko mbovu, gari linatapika maji, fundi anaangalia, anasema: thamostati hiyo.

Nisiwaonee wenzangu. Thamostati inaweza kukwama ikiwa imefungwa, uko porini, usiku unaingia. Itoe, nenda taratibu, ufike. Hiyo ni huduma ya kwanza na hata mimi nimeifanya. Tatizo ni kwamba kesho yake hakuna anayerudi kuweka nyingine. Na sababu yake, kwa maoni yangu, haiko kwenye elimu ya fundi peke yake. Iko kwenye namna tunavyolipana. Mteja hulipia kitu kinachoonekana: kimefungwa, kimetolewa, kimebadilishwa. Nikikaa saa mbili kupima mfuniko, kutazama feni inajiwasha kwa nyuzi ngapi, kutafuta mapovu kwenye rejeta, kusafisha mapezi yaliyojaa mbegu za nyasi na wadudu, halafu nikamwambia, "Kaka, gari lako lina mkanda uliolegea tu, nimeukaza," atanitazama kama mwizi nikimtajia bei. Nikitoa thamostati kwa dakika 20 na kumwonyesha mkononi, analipa akishukuru. Fundi kijana anajifunza upesi kipi kinalipa. Basi wenye magari waanze kulipia uchunguzi, na wamuulize fundi amepima nini kabla hajang'oa. Mimi nimeanza kutoza ada ya kupima peke yake. Wapo walioondoka. Wengine wamezoea.

Na lile dumu la maji kwenye buti, ambalo madereva wetu wanajivunia. Kuwa nalo safarini ni sawa. Lakini gari linaloongezwa maji kila asubuhi linavuja au linakunywa ndani ya injini. Mfumo wa kupoza injini umefungwa. Maji hayana pa kwenda.

Watu watasema hayo ni mambo ya mtu na gari lake. Waulize wanaopita Kitonga. Kutoka bonde la Ruaha Mbuyuni lenye joto na vitunguu, barabara inapanda kwa kona hadi juu kuelekea Ilula, na humo ndimo yanamopita malori ya Zambia na Kongo, mabasi ya Mbeya, na sisi wengine na visaluni vyetu. Gari moja likichemsha katikati ya kona, matawi ya miti yakawekwa barabarani, foleni inashuka mpaka chini, kila aliye nyuma naye anapanda kwa gia ya kwanza, rejeta haipati upepo, na mshale wake nao unaanza kupanda. Kisha wenye haraka wanaanza kuyapita malori kwenye kona ambayo hawaoni mbele. Injini iliyochemsha imeshakuwa suala la usalama wa watu wengine.

Kwa hiyo ningeomba vyuo vya udereva na wanaotahini leseni waongeze swali moja. Alama za barabarani wanafunzi wanazikariri vizuri, lakini wengi hawajawahi kuonyeshwa mshale wa joto na kuambiwa wafanye nini ukipanda. Swali liwe hivi: uko mlimani, mshale unakaribia nyekundu, nyuma yako kuna semi-treila. Unafanya nini? Jibu ni kuzima kiyoyozi, kuwasha hita hadi mwisho hata kama mtatoka jasho, maana hita ni rejeta ya pili ndogo, kushuka gia moja ili pampu izunguke zaidi bila kuibebesha injini mzigo, na kutafuta pa kuegesha kabla ya kona. Ukishaegesha, kama hakuna mvuke wala maji yanayomwagika, iache injini ing'urume bila kukanyaga mafuta mpaka mshale ushuke. Kama maji yanamwagika, zima hapo hapo. Mfuniko usiuguse mpaka mpira wa juu wa rejeta uweze kuuminya kwa mkono mtupu, na maji ya baridi usiyamwage kwenye injini ya moto.