BWANA SHAMBA ANASHAURI: Mtoto Asiyetulia Achunguzwe, Asichapwe



Mahindi yakiwa ya manjano, mkulima hodari hayang'oi. Huuliza kwanza. Je, mbolea imepungua? Je, maji yamezidi? Je, kuna wadudu? Mwezi huu tufanye hivyo kwa mtoto.

Hapa Kaliua wako watoto wasiotulia. Mtoto anatumwa maji, njiani anasahau. Darasani anasimama kila mara. Anajibu kabla swali halijaisha. Anapoteza kalamu na daftari. Wengine hukaa kimya, lakini mawazo yao yako mbali. Wasichana wengi huwa hivyo, na hakuna anayewatambua.

Watu husema, "Huyu hana adabu." Wengine husema amerogwa. Anachapwa. Mwisho anaacha shule, anakwenda kuchunga au kuchuma tumbaku.

Madaktari wanajua kuwa baadhi ya watoto hawa wana tatizo katika kazi ya ubongo. Ubongo unashindwa kushika jambo moja kwa muda, na unashindwa kuutuliza mwili. Duniani hukadiriwa kuwa kiasi cha watoto 5 katika kila 100 wanalo. Mara nyingi liko katika ukoo. Halitokani na uchawi. Fimbo hailiponyi.

Lakini si kila mtoto asiyetulia ana tatizo hili. Hakuna kipimo cha damu cha kulitambua. Daktari hulitambua kwa kumwangalia mtoto na kuwauliza wazazi na walimu. Basi chukua daftari, uandike majibu ya maswali haya:

1. Dalili zilianza lini? Tatizo hili huanza kabla ya miaka 12, na dalili hudumu miezi 6 au zaidi.

2. Zinaonekana wapi? Kama ni shuleni tu, tafuta sababu shuleni. Kama ni nyumbani tu, itafute nyumbani. Tatizo hili humfuata mtoto kote.

3. Zinamzuia kufanya nini? Mtoto mdogo kucheza sana ni kawaida. Kushindwa kusoma na kuishi na wenzake si kawaida.

Kisha angalia sababu nyingine. Mwite kwa sauti ndogo ukiwa nyuma yake. Je, anasikia? Anaona ubao? Analala vizuri? Anakula kabla ya masomo? Ana minyoo au kichocho? Je, hukodoa macho ghafla, asiitike kwa sekunde chache? Huenda hiyo ni aina ya kifafa.

Sisi wa Kaliua tuangalie mambo mawili zaidi. La kwanza ni tumbaku. Sumu ya jani bichi hupita kwenye ngozi, hasa jani likiwa na umande. Mtoto hutapika, huumwa kichwa, hukosa usingizi. Kesho yake hawezi kushika somo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumpa mtoto kazi ya hatari.

La pili ni malaria. Mwaka 2008 watafiti waliofanya kazi Kampala, Uganda, walitoa habari za watoto waliougua malaria iliyopanda kichwani. Miaka miwili baada ya kupona, kiasi cha mtoto mmoja kati ya wanne alikuwa na upungufu wa akili, hasa katika kuzingatia jambo. Kwa hiyo mtoto alale ndani ya chandarua. Akipata homa, apelekwe zahanati siku hiyo hiyo.

Ukimaliza kuandika, mpeleke mtoto zahanati pamoja na daftari lako. Omba barua ya kwenda hospitali ya wilaya, au Kitete, Tabora, ikihitajika. Mwone pia mwalimu mkuu. Dawa atoe daktari tu.

Wakati mnangoja, mpe mtoto agizo moja kwa wakati mmoja. Gawa kazi yake vipande vidogo. Akimaliza kimoja, msifu papo hapo. Mwalimu amkalishe mbele, mbali na dirisha.

Mkikutana darasani zungumzeni: Katika kijiji chenu, ni mtoto gani aliyeacha shule kwa sababu ya kuitwa mtukutu? Nani atakwenda kuwaona wazazi wake wiki hii?