Paa la turubai au la chuma? Fedha za mama ziko mezani

Simu ya mdogo wangu ilipoingia saa nne usiku nilidhani kuna mgonjwa. Kumbe ni gari. "Dada, njoo Jumapili utuamulie, maana mimi na shemeji yako tumeshindwana kabisa."

Jambo lenyewe ni hili. Wanataka kununua gari linalofunguka paa, walikodishe kwenye harusi. Sehemu ya fedha ni akiba yao, sehemu ni ya kikoba, na sehemu kubwa ni ya mama yetu, ambaye aliuza kipande cha kiwanja chake Kibaha akawakopesha kwa sharti la kumrudishia ndani ya miaka miwili. Kwa hiyo msomaji wangu usidhani nakuletea habari za watu wanaochezea magari ya anasa. Gari hilo likilala gereji miezi mitatu, anayelala njaa ni bibi wa miaka sabini na moja.

Walikuwa wamebakiza magari mawili, yote BMW za mtumba za familia ile ile ya namba tatu. Moja ni la toleo la zamani kidogo, paa lake la turubai. Lingine ni la toleo lililofuata, paa lake la chuma, linalojikunja vipande vitatu na kuzama kwenye buti. Magari ya viti viwili waliyaacha mapema, na sababu ni rahisi: dereva akikaa na bibi harusi akikaa, bwana harusi atakwenda kwa bodaboda.

Shemeji anataka la chuma. Anasema likifungwa linaonekana gari la kawaida, halina kelele barabarani, mwizi hawezi kulipasua kwa wembe, na jua la Dar halilipaushi. Yote hayo ni kweli, wala sikumbishia. Nilipombishia ni pale aliposema chuma ndiyo usasa na turubai ni mambo ya kale. Ford walikuwa na gari la paa la chuma linalojikunja tangu 1957, na Peugeot walikuwa nalo kabla ya Vita ya Pili. Mercedes ndio waliolirudisha kwa kishindo mwaka 1996 na ile SLK. Halafu hao hao BMW, walipotoa gari jipya la namba nne la kufunguka mwaka 2020, wakarudi kwenye turubai. Ni jepesi zaidi, na likikunjwa halili buti lote.

Buti ndilo lililonirudisha kwenye harusi ya binti wa binamu yetu, miaka miwili iliyopita. Gari lilikuwa la kukodi, la paa la chuma. Tulitoka kanisani, mpiga picha akataka paa lifunguliwe, likafunguka vizuri. Mbele ya ukumbi wingu likatanda, dereva akabonyeza swichi, paa likainuka hadi katikati na kugoma. Lilisimama hivyo limeachama kama mdomo wa mamba, manyunyu yakianguka, mpambe akimfunika bibi harusi kwa khanga. Tulimhamishia kwenye Noah ya wajomba, shela likiburuzwa kwenye tope. Picha za ukumbini nimeziona. Anatabasamu, lakini macho ni mekundu.

Tulimlaumu mwenye gari siku nzima. Safari hii nikamuuliza fundi mmoja wa Gerezani, mzee aliyezoea magari ya aina hiyo, akacheka. Akanieleza kwamba ndani ya buti la magari hayo kuna pazia au ubao mwembamba unaotenganisha mizigo na mahali paa linapolala. Lisipokuwa mahali pake, sensa inakataza paa kusogea, kwa kuogopa livunje vioo juu ya mizigo. Betri ikiwa dhaifu, au injini imezimwa, paa nalo linaweza kugoma. Nikakumbuka kwamba pale ukumbini, wakati tunasubiri, vijana wetu wa kamati walifungua buti na kuchomeka begi la bibi harusi na zawadi mbili. Inawezekana kabisa tuliliharibu sisi wenyewe. Sijawaambia.

Lakini fundi hakuishia hapo. Paa la chuma, alisema, lina pampu, mipira ya mafuta, vitasa na sensa nyingi kuliko la turubai, na kila kipande kinakutana na mwenzake kwenye mpira wa kuzuia maji. Mpira ukikauka, au bawaba ikikaa vibaya kidogo, maji yanaingia na kelele zinaanza. Vipuri vyake si vya kuokota. La turubai la umeme nalo lina pampu yake, asikudanganye mtu, ila vyuma vinavyobeba ni vyepesi, na likichanika kidogo au mshono ukiachia, mshonaji mzuri wa viti vya magari anaweza kulishughulikia siku hiyo hiyo. Kulibadilisha lote ni gharama nyingine.

Mdogo wangu aliposikia hayo alipiga kofi kama timu yake imefunga bao. Nikamwambia asubiri.

Turubai lina adui zake, na wengi wanaishi nyumbani kwake. Wamepanga nyumba Tabata, uwanja ni wa wapangaji wanne, hakuna banda, na juu ya mahali pa kuegesha kuna mwembe. Majani na maua ya mwembe yanaziba vitundu vya kutolea maji nyuma ya viti. Vikiziba, maji ya masika hayana pa kwenda isipokuwa ndani, chini ya zulia, na katika magari mengi ndipo zinapopita nyaya. Vitundu hivyo viko hata kwenye gari la paa la chuma, lakini turubai linaongeza shida: likikunjwa likiwa limelowa na kuachwa hivyo, linaota ukungu, na bibi harusi hatavaa shela jeupe kwenye gari linalonuka kabati la zamani. Halioshwi kwa zile mashine za maji ya nguvu za vijana wa kuosha magari; ni brashi laini na maji ya kawaida. Na paka wa jirani anapenda kulalia turubai lenye joto kuliko kitu chochote duniani.

Shemeji akaleta hoja ya usalama, kwamba chuma kitawalinda abiria gari likipinduka. Hapana. Kwenye magari haya kinga kubwa ni nguzo za kioo cha mbele na vyuma vinavyochomoza nyuma ya viti. Paa la kujikunja, la chuma au la turubai, si sawa na paa la gari lililofungwa moja kwa moja. Na siku ya harusi litakuwa wazi vyovyote. Afadhali waandike kwenye mkataba kwamba maharusi watakaa kwenye viti na kufunga mikanda, si kukaa juu ya mgongo wa gari wakipunga mikono.

Uamuzi wangu nilioutoa mbele ya mama ulikuwa huu: kwa kazi ya harusi, turubai, lakini lilale kwa mama Kimara, ambako kuna banda la bati na hakuna mti. Wakisema lazima lilale Tabata, basi wachukue la chuma na watenge fedha za fundi tangu mwezi wa kwanza.

Shemeji alinyamaza. Baadaye, tukiwa mlangoni, akaniambia polepole, "Shemeji, mimi nilitaka na la kutembelea kidogo siku za kazi." Nilishalijua hilo. Likilala Kimara, yeye atapanda daladala kwenda kulifuata.

Juzi walikwenda kuliona lile la turubai. Walifungua na kufunga paa mara tatu injini ikiwa inanguruma, wakamwagia ndoo mbili za maji, wao wawili wakiwa wamekaa ndani. Upande wa kushoto, juu ya kioo cha nyuma, maji yalidondoka. Muuzaji akasema ni mpira tu. Mdogo wangu akainua zulia, akakuta unyevu ambao haukuwa wa siku hiyo.

Fedha bado anazo mama.